Vidonge vya Tutaona

Juzi daktari alimbonyeza mwanangu mguu, chini kidogo ya goti, pale palipovimba baada ya kuanguka kwenye ngazi za shule, akasema, "Mama, tupige picha ya mfupa tuwe na uhakika." Nilimrukia. Nilimfokea mbele ya wauguzi kama mwendawazimu, mpaka mwanangu akaacha kulia akabaki kunitazama mimi. Picha ilipotoka haikuwa na neno. Uvimbe wa kuanguka tu, maji baridi na kitambaa, basi. Lakini kabla sijatoka nilimwuliza yule daktari kitu ambacho nadhani hajawahi kuulizwa na mzazi. Nikamwambia: teke la kiatu cha askari linaweza kuleta saratani ya mfupa?

Akacheka kidogo. "Hapana, mama. Teke linavunja, teke linachubua. Saratani haingoji mtu wa kuileta."

Nilimshukuru kwa shingo upande, nikambeba mtoto ingawa sasa ni mzito, nikatembea hadi nyumbani na hasira. Kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa nikiwa na miaka tisa, na sikuyaamini. Naandika haya kwa wenzangu tuliokua wakati ule wa utawala wa wanajeshi. Watakaosema ni habari ya mbwa tu, waseme.

Tulikaa kwenye kambi ya polisi upande wa Nakawa, katika vile vibanda vya bati vya mviringo ambamo mchana unaiva kama muhogo kwenye sufuria. Baba alikuwa mwongoza mbwa wa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, asiyesema sana. Mama alikuwa Mwislamu wa Kasubi, na yeye alisema kwa niaba ya wote wawili. Mbwa wa serikali akizeeka alikuwa anapigwa risasi nyuma ya mabanda, na Baba alishawaongoza watano hadi huko. Wa sita akashindwa. Akaomba, akanyenyekea kwa mkubwa wake, akaruhusiwa kumleta nyumbani. Akaja naye mchana, kamba mkononi, macho chini, kama mtu anayeleta mke wa pili.

Wanawake wa bombani walipata la kusema. "Mama, sasa utaswali na mbwa mlangoni?" "Malaika wataingilia dirishani?" Mama akawajibu, "Mtaona." Halafu akamgeukia Baba, akasema jina la mbwa huyu ni Tutaona. Kwao Baba ndivyo ilivyo: mbwa hupewa jina la kuwaambia majirani kile ambacho huwezi kuwaambia usoni. Ukimwita mbwa, umeshajibu. Mama aliijua desturi hiyo kabla hajajua hata salamu za lugha yao, na kila jioni alisimama na mwiko mkononi akapaza sauti, "Tutaonaaa!" mpaka safu nzima ikasikia. Lakini kumgusa, hapana. Akimlamba kwa bahati mbaya, ananawa mara saba, mojawapo kwa udongo.

Aliyemgusa ni mimi. Alikuwa mbwa mkubwa wa kizungu, mgongo mweusi, miguu ya rangi ya chai, na alinuka gunia lililonyeshewa. Alilala amekingama mlangoni, nami nililala mchana kichwa changu tumboni kwake nikisikiliza vile vita vya humo ndani. Nyinyi mliokuwako mnajua magari ya kuchukua watu yalivyokuwa yakija. Tutaona aliyasikia kabla ya mtu. Aliinuka, hakubweka, akasimama tu mlangoni masikio juu, na Mama akajua ni wakati wa kutuita ndani. Wengine walikuwa na komeo. Sisi tulikuwa na yeye.

Sasa Zakaria. Zakaria alikuwa sajini wa stoo ya kambi: tumbo, funguo kiunoni, njiti ya kiberiti mdomoni. Blanketi, sabuni, viatu, dawa, vyote vilipitia kwake, kwa hiyo watu wazima walimchekea hata aliposema upumbavu. Siku hiyo nilitumwa kuchukua sabuni ya Baba, na Tutaona akanifuata, akajilaza kizingitini kwa stoo kama alivyozoea kwetu.

"Wewe mtoto ya konstebo! Toa hii mbwa yako hapa!"

"Afande, iko nalala tu."

"Nalala kwa mlango ya serikali? Mimi mwenyewe silali hapa, na mimi iko na cheo!"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Kile kicheko ndicho kilichomponza mbwa wangu. Zakaria alipoona anachekesha, akanogewa. Akarudi nyuma hatua moja kama anayepiga penalti, akamtia kiatu kwenye mguu wa mbele. Tutaona hakulia. Aliinuka, akamtazama, akaniangalia mimi, akaondoka kwa miguu mitatu. Watu wakacheka tena. Sabuni nikapewa.

Baada ya wiki mbili hivi, mguu uleule, juu kidogo ya kifundo, ukatoka uvimbe mgumu kama kiazi. Ulikuwa wa moto. Ukimgusa, anageuza kichwa pembeni, kama mtu mzima asiyetaka uone uso wake.

Daktari wa mifugo hakuwepo tena. Alikuwa Mhindi, akaondoka na Wahindi wenzake walipofukuzwa nchini, na chumba chake cha tiba kilichukuliwa na mwanajeshi akakigeuza duka la matairi. Kilichobaki cha udaktari ule ni Papa Anselme, Mkongo aliyekimbia vita kwao, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwashika wanyama wakati daktari anawachoma sindano. Sasa aliuza tambi za taa kule Kikuubo, na aliyemjua alimwita kimyakimya. Baba alimwita.

Alikuja na mfuko wa nailoni, akapiga magoti, akafumba macho, akampapasa Tutaona mguu mzima kwa vidole viwili. Alipomaliza hakuinuka.

"Mbwa mukubwa," alisema, "na mufupa ya mbele. Dokta wangu Muhindi alinifundisha: huku mbele hii kansa inakimbia kiwiko, huku nyuma inafuata goti. Banaikata muguu, na yenyewe ikisha kufika kwa mapafu. Niliona tatu. Hakuna ilipona."

"Ni teke," nikasema. "Zakaria alimpiga teke."

Papa Anselme akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Hapana, mutoto. Hii haiko kiatu ya mutu. Hii inatoka yenyewe, ndani ya mufupa."

Na hapo ndipo alipoharibu. Si kwa maneno, kwa ule mtazamo wa mlangoni. Leo najua alitazama mlango kwa sababu alikuwa mkimbizi asiye na kibali cha kutibu hata kuku. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kambi ya polisi, na nilijua mtu mzima anapotazama mlango kisha akashusha sauti, kinachofuata ni uongo wa kutulinda. Mwalimu wetu wa hesabu "amesafiri," na mkewe anavaa kaniki. Baba yake rafiki yangu alikufa kwa "ajali ya gari," naye hakuwa hata na baiskeli. Jirani yetu "malaria," jeneza limepigiliwa misumari na hakuna aliyeruhusiwa kumwona uso. Sisi watoto tulijifunza kutafsiri. Wakikuambia ugonjwa, jua kuna mtu, na mtu huyo amevaa sare. Kwa hiyo nilipoambiwa Tutaona ana ugonjwa, nilimsikiliza Papa Anselme kwa adabu, nikatafsiri: ni Zakaria, na wanamwogopa.

"Basi tufanye nini?" Mama aliuliza.

"Hatumuponyi, Mama. Tunamusindikiza."

Mama alielewa neno hilo kuliko mimi. Kwao mgeni haachwi aondoke peke yake mlangoni. Unambebea mzigo wake, mnatembea naye mkizungumza hadi barabarani. Basi tukaanza kumsindikiza Tutaona. Gunia lake likajazwa majani makavu, tukambadilisha ubavu asubuhi na jioni asipate vidonda. Mguu tuliuwekea kitambaa cha maji baridi, tukajifunza kutoubana. Alipokuwa hawezi kusimama, Mama alichukua kitenge chake kizuri, kile cha sikukuu, akakikunja kikawa mkanda, akampitishia chini ya tumbo, tukawa tunambeba huku na huku kwenda kukojoa kama mabwana harusi wawili waliochoka. "Usinitazame," Mama aliniambia mara ya kwanza. "Nitanawa." Baada ya siku chache nikaona hanawi tena mara saba. Anasuuza tu mikono, kama aliyetoka kumpangusa mtoto.

Na vidonge. Papa Anselme alisema ipo dawa kali ya maumivu ya watu, nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, na bila hiyo tusijidanganye. Siku ya pili Baba alitoa mfukoni kipande cha gazeti, ndani yake vidonge vyeupe. Nilifinyanga donge la posho, ule ugali wetu wa mahindi, nikaficha nusu kidonge katikati, na Tutaona akala bila kutafuna. Kabla chai haijachemka, macho yake yalirudi. Mkia ukapiga bati mara mbili. Ndivyo tulivyoishi: mkia ukipiga bati, Mama anasema "Alhamdulillahi," Baba anavaa kofia anakwenda kazini.

"Baba, unavitoa wapi?" nilimwuliza.

"Kula posho yako."

Nikala. Lakini kila nilipomwona Zakaria akipita na funguo zake zinalia, nilihisi meno yangu yanarefuka. Nilianza kwa madogo. Nilimjazia makaa kwenye pasi yake, shati la gwaride likaungua kola. Nilimfungulia jogoo akachukuliwa na wa safu ya pili. Alipokuwa anatukana hewa, mimi nilikaa kizingitini na kichwa cha Tutaona mapajani, nikamwambia sikioni, bado.

Watu wale wa magari walikuja saa za mchana, jua la utosi, wanawake wako bombani. Gari moja, wanaume watatu, suruali za miguu mipana, viatu vya soli nene, miwani myeusi. Tutaona hakuinuka, siku hizo alikuwa hainui hata masikio. Mmoja wao alinikuta nikianika magunia. Akachuchumaa mbele yangu. Sitamsahau: alitoa leso safi akanifuta vumbi shavuni, taratibu, kama mjomba.

"Mtoto mzuri. Kwenu mnakunywa chai?"

"Ndiyo."

"Na sukari?"

Siku hizo sukari ilikuwa kosa. Wakiikuta zaidi ya kijiko kimoja, wewe ni mlanguzi, na mlanguzi hakufikishwa mahakamani. Hilo nilijua. Nilijua pia kwamba swali lile haliondoki bila kubeba mtu.

"Sisi hatuna," nikasema. "Sukari iko kwa Zakaria wa stoo. Chini ya kitanda."

Sikuwa nimeiona. Niliibuni palepale, na kitanda nilikibuni. Lakini katika mji ule, wakati ule, uongo wowote ulioutuma chini ya kitanda cha mtu ulirudi na ukweli. Waliikuta. Robo gunia. Wakamtoa Zakaria amevaa fulana na suruali, kiatu mguu mmoja, na wakati wanamkunja ndani ya buti la gari funguo zake zilianguka vumbini na hakuna aliyethubutu kuziokota. Yule mwenye leso alinipungia mkono.

Nilifurahi. Sitaandika vingine. Nilikimbia ndani nikamwambia Tutaona, "Nimemmaliza," nikambusu katikati ya macho.

Baba alirudi mapema. Alikaa kitandani na kofia bado kichwani, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Wamemchukua Zakaria," alimwambia Mama.

"Nimeona. Mungu amsitiri."

"Sasa vidonge nitavitoa wapi?"

Nikauliza, "Vidonge gani?" ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Vya mbwa. Unafikiri mimi navichuma mtini? Alikuwa ananitolea stoo, kila wiki. Wangemkamata navyo, wangemuua. Na mimi pia."

Kwa nini alivitoa? Sijui. Labda aliona aibu ya lile teke. Labda Baba alimlipa kwa kitu ambacho sikuambiwa. Sitaki kumfanya mtakatifu: mguu wake niliuona kwa macho yangu ukienda na kurudi. Lakini ugonjwa haukutoka kwake, na dawa ilitoka kwake, na mimi ndiye niliyeikata.

Vilibaki vidonge viwili. Tulivigawa robo robo, tukamaliza. Halafu Tutaona, ambaye hakulia alipopigwa teke, akaanza kulia. Siwezi kuwaeleza sauti ile, na sitaki muisikie. Alitafuna gunia, akatafuna majani, akaanza kuutafuna mguu wenyewe, Mama akamfunga mdomo kwa kitenge kisha akakifungua kwa sababu hakuweza kuvumilia macho yake. Majirani wakapiga bati: "Konstebo, muue hiyo kitu!" Baba hakuweza kumpiga risasi. Kila risasi ilikuwa na sahihi yake, na mlio mmoja tu ndani ya kambi siku zile ungewaleta wenye mizinga. Alizunguka dukani kwa huyu na yule, akarudi na aspirini. Ilikuwa kama kumtemea mate moto wa msitu.

Siku ya nne Papa Anselme alikuja. Alikuwa na chupa moja ndogo, ya mwisho katika zile alizoachiwa na daktari wake, amekuwa akiificha ndani ya unga. Alichemsha sindano kwenye birika letu la chai. Baba alifungua redio hadi mwisho, hotuba ikijaza chumba, yule mkubwa wa nchi anaahidi, watu wanapiga makofi, na Baba akageukia ukuta. Mama aliketi chini akakiweka kichwa cha Tutaona mapajani, udelele wote ule juu ya busuti yake, lile gauni lake refu, akamsomea. Sijui kama inaruhusiwa kumsomea mbwa. Alimsomea. Mimi niliushika mguu mzima, na niliusikia ukilegea kabla hotuba haijaisha.

Sikuwaambia. Walinikuta nalia wakadhani ni msiba.

Na Zakaria akarudi. Wachache walirudi, naye alikuwa mmoja wao. Miezi miwili hivi ilikuwa imepita. Aliingia kwetu saa kumi, shingo imekuwa nyembamba, suruali imefungwa kwa kamba, meno ya mbele hayapo. Akaketi bila kukaribishwa, akafumua kidogo pindo la suruali, akatoa karatasi iliyogeuka ngozi kwa jasho. Ndani mlikuwa na unga wa manjano na vipande vitatu vinne.

"Konstebo, hii ya mbwa yako. Ile siku nilikuwa nakuleteeni. Hawakuona hapa chini."

Baba akaipokea kwa mikono miwili. "Alishakufa, afande."

"Ee. Alikufa muzuri?"

"Vizuri," Baba alisema, na akatazama mlangoni.

Zakaria akavuta pua. Kisha akasema, si kwa hasira, kwa utulivu wa mtu aliyelipanga jambo muda mrefu, "Iko mtu alisema sukari. Mimi najua ni mtu ya karibu, alijua mpaka kitanda. Huyo mtu, Mama, Mungu aniweke tu hai. Sitamwachia polisi. Nitamwanzia kwa vidole, kama vile walinianzia mimi."

Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe chake. Nilimtakia hivyohivyo yule mwenye leso, na namtakia hata sasa. Kama yu hai na ana wajukuu, namtakia aje mtu achuchumae mbele ya mmoja wao, amfute shavu, amwulize swali moja tu. Nimejifungua, nimesali, nimeambiwa nisamehe. Huyo sitamsamehe. Alikuwa na bunduki na gari na serikali nzima, na alichagua kutumia mdomo wangu.

"Mpe afande chai," Mama aliniambia.

Nikampa. Vidole vyake viwili havikuwa na kucha. Akaonja, akakunja uso.

"Haina sukari," alisema. Kisha akatutazama mmoja mmoja na lile pengo lake. "Vizuri. Hii ndiyo chai ya kuzeekea."

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Zakaria mwenyewe akacheka, mate yakamtoka penye meno. Akanigeukia kuona kama na mimi nimeipata ile, nami nikacheka, kwa sauti kuliko wote.